Tangazo la Mama Nililoliweka Mtandaoni

Nieleweke kwanza. Mimi si mmoja wa wale wanaoulaumu mtandao kwa sababu hawajui kuutumia. Nina diploma ya kompyuta kutoka Uingereza, na sikuipata kwa kushikwa mkono na mtu. Asubuhi nilikuwa darasani, mchana nilisugua sakafu za hospitali, na ada nilijilipia mwenyewe hadi muhula wa mwisho. Nilirudi nyumbani miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, nikafungua saiba ya kompyuta sita ghorofani mjini Machakos. Walimu, makarani wa wilaya, wauza dawa za mifugo, hata padri mmoja, wote walipanda ngazi zangu kufunguliwa barua pepe yao ya kwanza. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Kwa hiyo ninaposema ninavyoiona mitandao, nasema kama fundi. Mitambo ya kutafuta niliijua ilipokuwa mingi, kila mmoja na majibu yake. Majukwaa ya marafiki yalipokuja niliyajaribu yote, nikayaona kama sherehe ambayo kila mgeni ameshika kipaza sauti chake. Lakini blogu niliipenda. Nilianza kuiandika nikiwa bado ng'ambo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kuhusu mambo ya nyumbani. Chini ya ukurasa niliweka kaunta ya wageni. Kila asubuhi kabla ya chai niliiangalia imepanda kiasi gani, na sikuona ubaya. Mtoto wa mkulima wa Kathiani alikuwa anasomwa Manchester na Toronto.

Makala yangu iliyosomwa kuliko zote ilimhusu dada yangu.

Tulizaliwa wawili tu. Yeye ndiye kifungua mimba, na aliolewa mbali, Kithyoko, kule karibu na mto Tana. Mwaka niliorudi nilikwenda kumsalimia. Jioni tukiwa tunakula, habari zilipokwisha redioni, aliinua kidole.

"Nyamazeni. Wafu wanasomwa."

Watoto wake wakaacha kutafuna. Mtangazaji akaanza matangazo ya vifo: marehemu fulani, mke wa fulani, mama wa fulani anayefanya kazi mahali fulani, mazishi siku fulani, habari ziwafikie jamaa wote popote walipo. Dada alisikiliza ameinamisha kichwa hadi jina la mwisho.

"Dada, hawa wote unawajua?"

"Labda mmoja kwa mwezi."

"Sasa wengine unawasikilizia nini?"

"Na wewe wale usiowajua unawaandikia nini?"

Watoto walicheka, nami nikacheka. Alinieleza kwamba huko simu hazishiki, na barua hukaa kwa chifu mpaka zinaliwa na mchwa. Msiba ukitokea kwenu, redio ndiyo inayokuita. Usipofika, hakuna atakayekubali ati hukusikia.

Niliporudi mjini niliandika makala kuhusu dada yangu anayekula chakula cha jioni na wafu. Ilichekesha, nakubali, nilikuwa na kipaji. Maoni yalimiminika. Mmoja aliandika, "Mwambie dadako mkoloni alishaenda." Ningeweza kuyafuta maneno hayo kwa kubofya mara moja. Niliyaacha.

Miaka miwili baadaye mama akafa. Kifua kilimsumbua juma moja tu. Dada alikuwa amepata habari kwamba mama haamki vizuri, akatuma neno kwamba atakuja akimaliza kuchuma ndengu. Mama hakumngoja. Alikufa Jumapili alfajiri, na mchana tulikuwa tumeketi nyumbani Kathiani, mjomba, yaani kaka yake mama, akiongoza kikao. Kila mtu alipewa kazi yake.

"Na wewe Mzungu wetu," mjomba aliniambia, "tangazo la redio ni lako. Wewe ndiye wa kalamu."

Tuliliandika hapo hapo kwenye karatasi ya daftari. Jina la mama, la marehemu baba, kisha la dada yangu wa Kithyoko kwa kuwa ndiye wa kwanza, kisha langu.

Jumatatu asubuhi nilifika kwa ajenti wa matangazo mjini nikiwa nimevaa koti langu la Uingereza. Watu watatu walikuwa wakingoja. Karani alikuwa anahesabu maneno ya mtu kwa ncha ya kalamu, anakata hapa, anakata pale. Nilisimama mlangoni, nikafikiria mama yangu akisomwa kwa haraka namna hiyo, katikati ya marehemu wa Mwala na marehemu wa Kitui, na mtu aliyechoka anayetaka kumaliza zamu. Nikajiambia mama wa mtu kama mimi anastahili kilicho bora. Niligeuka, nikaenda saiba kwangu.

Niliandika tangazo zuri, pengine zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Niliweka picha ya mama amefunga kitambaa cha kanisani. Sikusahau jina la dada. Sijamaliza hata kikombe cha chai, maoni ya kwanza yakaingia. Kufikia adhuhuri watu wa miji ambayo mama hakuijua hata kwa jina walikuwa wakiniambia pole. Sitasema uongo, yalinifariji. Nililia mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza tangu mama afe.

Kuhusu dada, nilituma ujumbe kwa simu ya mwenye duka mmoja wa Kithyoko, ambaye hupanda mlimani kutafuta mtandao. Hakujibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba juma hilo alikuwa Embu kununua bidhaa.

Jioni mjomba aliuliza, "Tangazo umepeleka?"

"Limetangazwa, mjomba. Dunia nzima imejua."

Kesho yake aliniita kando. "Kijana, mbona hatujalisikia?"

"Lilisomwa mkiwa kwenye maombi."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akatikisa kichwa, akasema ndiyo, hata yeye alidhani amelisikia kwa mbali. Basi likaisha. Nilikusudia Jumatano nilipeleke kweli. Jumatano ikawa ya jeneza na mochari, Alhamisi ikawa ya kupanga ibada na mchungaji, na Ijumaa nikajiambia kwamba kwa vyovyote dada atakuwa ameshapata ujumbe wa simu. Karatasi ya daftari ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko wa koti wakati wote huo.

Jumamosi tulimngoja. Saa saba, saa nane. Mchungaji aliangalia mawingu, akaangalia saa yake.

"Pengine mto umejaa," mjomba alisema.

"Mto gani?" mwanamke mmoja akamjibu. "Kifungua mimba wa mtu anakosa kumwaga mchanga kwa kaburi ya mamake? Hata ningekuwa kwa kitanda ningebebwa."

"Ndiyo shida ya kuolewa mbali. Watu wanasahau titi walilonyonya."

Niliyasikia maneno hayo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Ningeweza kusema sentensi moja na wangenyamaza wote. Nilitazama viatu vyangu, na mimi ndiye niliyemwaga mchanga wa kwanza.

Jumatatu, saiba ikiwa haijapata wateja, niliandika jina la mama kwenye mtambo wa kutafuta. Lilitokea jibu moja: tangazo langu. Miaka sabini na kitu ya kulima, kuzaa na kuzika, na mtandao haukuwa na habari zake mpaka alipokufa na mimi nikaandika. Nilihisi fahari kidogo, kwamba nimempa mahali. Kisha, sijui kwa nini, nikaandika jina la dada. Mtambo ulinijibu kwamba haukupata kitu, na ukaniuliza kama nilikuwa natafuta neno jingine.

Jumanne alasiri nilikuwa nyumbani Kathiani na mjomba na mkewe, tunapanga viti vya kukodi ili virudishwe. Turubai ilikuwa bado imesimama. Tukasikia sauti langoni.

"Hodi! Nani ameoa hapa, mkanificha?"

Alikuwa dada. Alikuja anacheka, kiondo mgongoni, ukanda wake ukiwa kwenye kipaji cha uso, vumbi hadi magotini. Aliangalia viti, akaangalia turubai, akanitazama mimi.

"Ni wewe, ee? Bwana harusi! Ata huoni haya kuoa bila mimi kuonja chai." Alitua kiondo. "Nimeletea mama ndengu mpya. Amelala?"

Mkewe mjomba aliweka chini kiti alichokuwa amebeba. Nilimwona dada akitupitia kwa macho mmoja mmoja, kicheko kikikauka usoni polepole.

"Mama ako wapi?"

Alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Tulimsubiri. Aliporudi hakuwa na machozi.

"Lini?"

"Jumamosi," mjomba alisema.

"Mimi nilisikiliza. Jumapili, Jumatatu, zote. Betri ziliisha nguvu, nikazianika juani, nikasikiliza tena kwa sababu nilijua mama ni mgonjwa." Alimgeukia mjomba kama mtu anayejitetea mbele ya chifu. "Mjomba, sikukosa hata jioni moja."

Mjomba akanitazama. "Kijana?"

Nikawaambia. Nilitoa karatasi kwenye mfuko nikawaonyesha. Mjomba alichukua kofia yake juu ya kiti, akaivaa, akaenda zake. Dada aliikunjua karatasi, akaisoma, akainyoosha kwa kiganja juu ya paja lake.

"Kesho unipeleke," alisema. "Nataka kuona huko ulikomtangazia."

Asubuhi tulipanda ngazi za saiba. Palikuwa na wateja wanne. Nilimkalisha kwenye kompyuta ya karibu na dirisha nikafungua ukurasa. Enzi hizo laini ilikuwa nzito, na picha zilishuka kidogo kidogo kutoka juu. Kitambaa cha kanisani kilitokea kwanza. Kisha paji la uso. Kisha picha ikakwama kwenye nyusi, na dada akasogea mbele akangoja, mikono magotini. Macho yalipotokea alisema kwa Kikamba, taratibu, "Mwaitu." Mama yangu.

Baadaye akaonyesha maandishi ya chini. "Na haya?"

"Ni watu wanatoa pole."

"Nisomee."

Nilimsomea wa kwanza.

"Huyu ako wapi?"

"Manchester."

"Alimjua mama?"

"Hapana. Anasoma ninayoandika."

"Wewe naye mmewahi kuonana?"

"Bado."

"Aliandika saa ngapi?"

Kila maoni yana siku na saa pembeni. "Jumatatu, saa tano na dakika kumi na mbili."

"Jumatatu saa tano," alirudia. "Nilikuwa shambani nachuma zile ndengu. Na huyu mwingine?"

"Jumatatu, saa sita kasoro."

"Alimjua?"

"Hapana."

Tulikwenda hivyo hadi wa mwisho. Hakuruka hata mmoja. Kila mara aliuliza mtu huyo yuko wapi, na kama alimjua mama, na saa aliyoandika. Kisha alijiambia mwenyewe alikuwa wapi saa hiyo: kisimani, jikoni, kwenye mkutano wa shule ya watoto. Nilitamani kuizima mashine. Nimesoma kompyuta miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba ile saa ndogo pembeni ya maneno inaweza kumfanya mtu hivyo.

"Sasa lenyewe," alisema. "Tangazo."

Nilianza kusoma. Nilipofika kwenye jina lake, binti wa kwanza, wa Kithyoko, aliinamisha kichwa.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Ndipo alipolia. Si kilio cha kuficha kwenye leso. Alilia kwa sauti, kilio alichopaswa kulia Jumamosi pamoja na wengine, akilia peke yake katikati ya watu wanaosoma barua pepe. Wateja walivua vipokea sauti. Mmoja, karani wa pale wilayani, alisimama na kubaki amesimama hadi dada alipomaliza.

Alirudi Kithyoko siku hiyo hiyo, bila kupitia Kathiani. Mjomba mwenyewe aliwaambia wanawake kanisani kwamba kosa halikuwa la dada, na akawaambia lilikuwa la nani. Nami niliifuta ile makala ya wafu na chakula cha jioni. Lakini mtambo wa kutafuta ulikuwa umeshaihifadhi nakala yake, na kwa miezi mingi, mtu akitafuta Kithyoko, dada yangu alikuwa bado anachekwa pale. Niliwaandikia wenye mtambo. Sikujibiwa.

Bado nina saiba, na bado naijua kazi yangu kuliko wengi wanaojiita mafundi mjini hapa. Vijana wanakuja kufunguliwa kurasa kwenye majukwaa mapya, na wananiuliza maoni yangu. Nawaambia ni vyombo vizuri. Kisha nawauliza ni nani nyumbani kwao ambaye hayuko humo, na wengi hawapendi swali hilo.

Mwaka juzi mnara wa simu ulifika Kithyoko, na nilimpelekea dada simu. Tunazungumza. Ni mpole kama zamani, ananiulizia watoto, ananiambia habari za mvua. Lakini ninapompigia, hata siku ya sikukuu, haanzi kwa salamu. Anapokea na kuuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna, dada. Nakusalimia tu."

Nasikia kuku, nasikia upepo wa huko.

"Una hakika?" anauliza.