Fuwele Zilizooshwa kwa Zebaki

Mpaka leo nikiikumbuka ile chupa damu inanichemka.

Ilikuwa na fuwele za manjano, nzito, nilizozikuza maabara Dar es Salaam msimu mzima wa mvua. Kila molekuli ilibeba atomi mbili za metali iitwayo holmiamu, na kila atomi ni sumaku ndogo. Nilitaka kujua zinavutana kwa nguvu kiasi gani. Unazipoza fuwele kupita baridi ya barafu yoyote, unazipiga kwa nyutroni, kisha unapima nyutroni zimetoka na nishati kiasi gani. Mashine ya kazi hiyo iko Ulaya, watu wanaipangia foleni, na hatimaye zamu yangu ilikuwa imefika.

Ndege ningepandia Nairobi, hivyo nilipita nyumbani Nyarero kumuaga mama kabla ya kuvuka mpaka wa Sirari. Miaka ile kila mtu alikuwa anachimba dhahabu. Baba mdogo naye alikuwa na shimo lake. Kwake yeye, unga wowote mzito ni wa kuoshwa kwanza, maswali baadaye.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hiyo chupa ina nini?"

"Kazi yangu ya chuo. Tafadhali isiguswe."

Asubuhi nilitoka kuchota maji, niliporudi chupa haipo. Nikakimbilia mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea mchanga. Nilimkuta ameinamia karai lenye maji na zebaki ya kunasia dhahabu. Fuwele zangu zilikuwa zimeyeyuka zote.

"Humu hamna kitu," akanifokea. "Mtoto wa kaka yangu, unatuficha mchanga, halafu wenyewe mbovu!"

Nilimwita mwizi mbele ya waoshaji wote. Ni baba yangu mdogo wa damu, na wala sijuti.

Nyumbani mama akanitaka nikamwombe radhi. Mchanga ukishaingia mlangoni, alisema, ni wa ukoo, na wa kuuosha ni mkubwa wa ukoo.

"Mama, haukuwa mchanga!"

"Hayo unayasema wewe."

Nilitamani kuvunja kitu. Badala yake nilipiga simu Ulaya. Wakaniuliza sampuli imepatwa na nini, nikajibu imeoshwa. Wakaniomba nirudie. Nikarudia. Wakasema zamu yangu watampa mtu mwenye kitu cha kupima.