Blogu ya Rabiata Husubiri Barua

Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na kamera, wala cheti cha kumaliza sekondari, wala pasipoti. Hakuwa na jamaa hata mmoja aliyewahi kuandika kitu kikasomwa na watu asiowajua. Na katika umri wa miaka thelathini na mmoja, mwanamke huyu aliyetaka kuwaelekeza wasafiri alikuwa hajavuka maji zaidi ya Nosy Komba, kisiwa alichokiona kila siku akianika nguo.

Alichokuwa nacho Rabiata Mikidache ni mdomo wa kuuliza.

Ni saa mbili asubuhi katika bandari ya Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska. Boti ya kasi kutoka Ankify, upande wa bara, inafungwa kamba. Rabiata, ambaye sasa ametimiza miaka arobaini, amesimama juu ya ngazi akiwa na daftari lenye jalada la bluu. Hahangaiki na wenye boti. Anawafuata abiria wanaoshuka, mmoja mmoja, akiwauliza wamelipa kiasi gani, wamengoja muda gani, na kama wamelowa.

"Mwenye boti atakwambia safari ni nusu saa," anasema. "Abiria mwenye sketi iliyolowa atakwambia ukweli."

Nahodha mmoja anamtania kwa Kimalagasi kwamba siku hizi polisi wa bandari wanaajiri kina mama. Rabiata anamjibu kuwa akipandisha nauli leo, kesho Ufaransa nzima itajua. Watu wanacheka. Nahodha naye anacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Yanayoingia katika daftari hilo ndiyo yanayoingia katika blogu yake, anayoiandika kwa Kifaransa kwa ajili ya watu wanaotaka kusafiri baina ya Nosy Be na Mahajanga, mji wa bandari upande wa bara. Mwezi mzuri humwingizia ariari laki tisa. Miezi ya mvua, wageni wanapoadimika, hupata nusu yake. Mshahara wake wa mwisho wa kufua nguo ulikuwa laki moja na thelathini.

Kwa miaka kumi na mmoja alifua shuka katika nyumba ya wageni huko Ambatoloaka. Wageni walimkuta uani na kumuuliza njia ya kwenda Mahajanga. Kila mtu pale alikuwa na jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Mahajanga yenyewe haikuwa jina geni kwake. Baba yake, Mzee Mikidache, fundi cherehani, alizaliwa huko katika familia ya Kikomori. Baada ya fujo za mwaka 1976 dhidi ya Wakomori, wengi wao wa mji ule walipoondolewa kurudi visiwani kwao, yeye alipanda kaskazini na mkewe mpaka Nosy Be. Rabiata akazaliwa mwaka 1978. Mzee hakurudi tena Mahajanga. Ila kila jioni, kwa chaki ya kukatia nguo, alimchorea bintiye mitaa juu ya meza: hapa msikiti, hapa muuza mkate, hapa kwetu.

"Baba alinipa mji mzima," anasema Rabiata, "isipokuwa njia ya kufika."

Mwaka 2009 aliomba likizo akaitafuta njia hiyo mwenyewe. Alivuka kwa boti mpaka Ankify, akapanda basi dogo la masafa marefu, likaharibika mara mbili. Siku ya pili, walipofika Belobaka, viungani mwa mji, alimuuliza dereva kama hapo ndipo Mahajanga. Dereva alimwambia afumbe macho kidogo tu, akiyafumbua ataona bahari. Hakuyafumba.

Aliporudi aliandika kila kitu. Mwenye kibanda cha intaneti, Houssen, akamwonyesha jinsi ya kufungua blogu, na kila Jumamosi akawa analipia saa moja na kuchapa kwa vidole viwili. Makala ya kwanza kusomwa na watu wengi haikuhusu fukwe wala machweo. Ilihusu vyoo: mji gani njiani una choo chenye mlango, na wapi ni heri usubiri.

Wasomaji waliongezeka. Mwaka 2012 mtu mmoja aitwaye Anli, mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita huko Antsanitia, kaskazini ya Mahajanga, aliona wageni wake wakija na karatasi zilizochapwa kutoka blogu hiyo. Akampigia Rabiata na kumwambia yuko tayari kulipa kila mwezi ili nyumba yake iandikwe vizuri. Wengine wawili wakafuata. Mwaka uliofuata Rabiata akaacha kufua.

Mzee Mikidache hakuridhika. "Shuka mtu anaiona, mwanangu," alimwambia. "Hiyo blogu yako unaianika wapi?"

Miezi mitatu baadaye ilionekana kana kwamba mzee alikuwa ameona mbali.

Mwendo mfupi kutoka kwa Anli kuna ghuba ndogo ambayo wanakijiji huiheshimu kwa ajili ya wazee wao waliotangulia. Wageni huruhusiwa kuingia, ila siyo siku ya fady, yaani siku ya mwiko. Rabiata aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Kila pwani ina mwiko wake. Katika ghuba anayoijua yeye, nyumbani Nosy Be, siku hiyo ni Jumanne. Basi akaandika kuwa ghuba ya kule iko wazi siku zote isipokuwa Jumanne. Mwanamke aliyeuliza kila kitu, mpaka milango ya vyoo, hilo hakuuliza.

Kule siku ya mwiko ni Alhamisi.

Alhamisi moja, wageni wanne waliingia ghubani wakiwa na nguo za kuogelea na karatasi ya Rabiata mkononi. Waliwakuta watu wamekusanyika kumwombea mtoto mgonjwa. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Lakini kesho yake njia ilifungwa kwa miti, kwa mgeni yeyote, siku yoyote. Wageni wa Anli wakaanza kuhama.

"Dada Rabiata," Anli alimwambia kwenye simu, "ukurasa wako umefunga mlango wangu."

Rabiata aliufuta ukurasa siku hiyo hiyo, lakini karatasi zilizokwisha kuchapwa zilikuwa mikobani mwa watu. Wale wengine wawili waliokuwa wakimlipa wakasema wanangoja kuona mambo ya Antsanitia yataishaje. Alikokuwa akifua, shuka zilikuwa na mfuaji mwingine. Njia ile isipofunguliwa, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Akafunga safari. Baba yake alipinda leso mpya kwa mkono wake, akaikunja, akamtilia bintiye mkobani.

Msimamizi wa ghuba ni bibi aitwaye Sittou, mkaushaji wa kamba, wale wa baharini. Rabiata alimkuta akigeuza kamba juani juu ya mkeka. Alimwamkia, akamwita koko, kama Wakomori wanavyomwita bibi. Sittou alimsogezea upande mmoja wa mkeka ageuze. Waligeuza kamba mpaka alasiri.

"Wewe ndiye uliyewaambia wageni kwamba siku yetu ni Jumanne?" Sittou aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, koko."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilidhani ni kama kwetu."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe mgeni ni wewe. Wao angalau waliuliza. Walikuuliza wewe."

Rabiata anasema amesomeshwa mengi maishani, lakini somo lile ndilo lililomwingia. Hakujitetea. Alitoa leso, akampa mama wa yule mtoto mgonjwa na kumwomba radhi; kwa bahati mtoto alikuwa amekwisha kupata nafuu. Kisha akaenda mjini kungoja uamuzi wa wazee.

Siku mbili alizunguka katika mitaa ya baba yake bila kuiona. Siku ya tatu, akiwa amesimama kwa muuza kahawa, simu ikalia. Alikuwa Anli.

"Sasa unaweza kulala, dada," alimwambia. "Wameondoa miti."

"Nilikaa chini pale pale, kikombe mkononi," anakumbuka. "Muuza kahawa akadhani nimefiwa, akanirudishia pesa yangu."

Sittou alitoa sharti moja. Kila mwaka, kabla msimu wa wageni haujaanza, kitakachoandikwa kuhusu ghuba kiletwe kwanza kwake kwa karatasi. Mwalimu wa kijiji atamsomea, yeye atasahihisha. Jibu lisipofika, kisiandikwe kitu.

Sharti hilo ndilo lililoinua blogu. Rabiata alianza kufanya hivyo hivyo kila mahali, na leo ana ukurasa wa sehemu thelathini na moja: nani wa kuombwa ruhusa, siku gani imefungwa, kitu gani kisibebwe. Wenye nyumba kumi na sita za wageni humlipa, kwa sababu wageni wanaotoka kwake hawawaletei aibu.

Mzee Mikidache, mwenye miaka sabini na tisa, husomewa kila makala. "Sasa naiona," anasema, na kurudi kwenye cherehani yake.

Mwaka huu kuna jambo jipya. Baada ya zaidi ya miaka arobaini, mzee amekubali kwenda Mahajanga. Rabiata amepanga wasafiri Agosti, njia ikiwa kavu, wakipumzika katika kila mji wenye choo chenye mlango.

Bandarini, abiria wa boti ya kurudi Ankify wanaitwa. Rabiata anatoa mkobani karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Chini kabisa, baada ya maswali ya siku na saa, ameongeza mstari: "Koko, nitakuja na baba yangu. Tafadhali tuchagulie siku."

Anazikunja na kuzitia katika bahasha. Haiamini gundi ya bahasha, kwa hiyo anachukua punje tatu za wali kutoka kibweta chake cha chakula, anazisaga kwa kidole kwenye ukingo, na kubana kwa gumba huku akihesabu polepole mpaka kumi. Kisha anampa mama mmoja mwenye kiti cha mbele, ampe dereva wa basi la Mahajanga huko Ankify.

Boti inaondoka na barua. Katika blogu, ukurasa wa ghuba ni mtupu, na utabaki hivyo mpaka Sittou ajibu.