Kidole Ndani ya Glavu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nimelelewa Bukoba, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa, na sasa nasimamia jiko la hoteli ndogo hapa Gisenyi. Jikoni tuko wanane pamoja nami. Siku niliyokabidhiwa jiko nilitangaza sheria: atakayejikata kwa uzembe avue aproni arudi nyumbani, kazi yake imekwisha. Miezi ikapita sijaona tone la damu. Nikawa natembea kifua mbele.

Aliyenitoa jasho ni mama mmoja wa kukata mboga. Ni mkubwa kwangu kwa umri, aliishi Kongo miaka mingi, sasa anakaa mtaa wa Mbugangari na wajukuu watatu wanaomtegemea yeye tu. Alikuwa anakata kabichi jinsi kina mama wengi wa huku wanavyokata: nusu ya kabichi kiganjani, kisu kikishuka juu yake, nyuzi nyembamba zikianguka kwenye beseni. Wala hatazami. Anakusimulia harusi ya Jumamosi huku kisu kinapita kando ya vidole vyake, na wewe msikilizaji ndiye unayefumba macho.

Nikamnunulia ubao wa kukatia.

"Shefu, mi nakatanga mu mukono tangu niko mutoto," aliniambia. "Hii libao inanichelewesha."

"Mama, kisu hakijui umri wa mtu."

"Bon, nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Nikiwapo, kabichi iko ubaoni. Nikitoka kwenda stoo, imerudi kiganjani. Nilikuwa nasikia sauti ya kisu ikibadilika nikiwa hukohuko stoo, nikarudi mbio nikipiga kelele, naye akaniangalia kwa uso wa malaika. Siku nyingine tulicheka wote. Siku nyingine sikucheka, nikamkumbusha sheria mbele ya wenzake.

Asubuhi moja nikamkuta amevaa glavu ya plastiki mkono wa kushoto, na kabichi iko ubaoni. Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaita wengine wote waje waone, nikasema huyu ndiye mtu anayejua usafi na usalama wa kazi, muigeni. Walitazama chini. Nikadhani wana wivu. Siku ya pili glavu ipo, siku ya tatu ipo, nami nasifu tu.

Siku ya nne alikuwa anainua sufuria ya maharage, ikamponyoka. Maharage yote sakafuni. Nilifungua mdomo kugomba, nikaona uso wake umekuwa wa kijivu na jasho linamtiririka. Nikamshika mkono, akauvuta. Nikaushika tena, nikaivua ile glavu polepole, na harufu ikanifikia kabla ya macho kuona. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, cheusi kwa unga wa kahawa alioushindilia kwenye jeraha ili damu ikauke.

Tulipanda moto mbili, pikipiki za abiria, hadi kituo cha afya. Muuguzi alikisafisha kile kidole kwa muda mrefu, akaniambia tungechelewa siku mbili zaidi kisingebaki. Yeye mama hakulia. Aliniangalia mimi, si kidole.

"Pardon, shefu," akasema. "Nilijikata ile siku mu asubuhi, mbele ya wewe kufika. Unisamehe. Utanifukuza?"

Mtu amekaa siku nne na maumivu yale, akisifiwa na mimi kila asubuhi, na sasa ananiomba radhi. Nilimwambia hafukuzwi, nikamwambia mara tatu, na bado niliona haniamini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Kidole kilipona, ingawa hakikunjiki vizuri. Lakini kabla hakijapona, kesho yake, niliwakusanya wote kabla ya kuwasha moto. Nilisema ile sheria imekufa, na anayejikata aje kwangu saa ileile, tuoshe, tufunge, na kazi yake ipo. Nikawaomba wanionyeshe mikono. Hakuna aliyesogea. Nikawaomba tena, safari hii kwa sauti ambayo hawakuizoea kwangu.

Mpishi wa brosheti, mishikaki ya huku, ndiye aliyeanza. Kwenye kidole gumba akafungua kitambaa ambacho siku zote nilidhani ni cha kuzuia moto. Kisha mwoshaji vyombo akakunja mkono wa shati. Kisha mwingine, na mwingine. Watu wanne, majeraha mapya na makovu, na mimi napita mbele yao kila siku nikihesabu kwamba jiko langu ni salama.

"Usijali, shefu," mpishi wa brosheti akaniambia, akinipigapiga begani. "Yetu ni madogo."

Alikuwa ananibembeleza mimi.