Kamba ya Kupandishia Tanga

Mashua ile iliachwa na mhandisi mmoja wa mgodi wa Kilembe, zamani kabla sijazaliwa, ikabaki imelala kifudifudi nyuma ya ghala la samaki kando ya Ziwa George. Mwaka nilioanza kufundisha karibu na hapo, nikiwa nimetoka chuoni na imani kwamba hakuna kitu kilichoundwa kwa akili ya mwanadamu kinachostahili kuachwa kioze, niliomba ruhusa ya kuifufua. Muuguzi wa zahanati yetu alipaswa kuvuka kila mwezi kwenda kuchanja watoto wa kijiji cha wavuvi kilichoko ng'ambo ya ghuba. Boti ya injini ilikosa mafuta mara kwa mara, na mwezi uliotangulia hakwenda kabisa. Nilimwambia kwamba upepo haununuliwi.

"Ni kweli, Mwalimu," alijibu, "lakini mimi sijui kuogelea. Nionyeshe kwanza."

Ubao ulikuwa mzima, na tanga, baada ya kushonwa viraka, lilifaa. Kilichobaki ni kamba ya kulipandisha, ile ambayo watu wa pwani huiita henza. Ya zamani ilikuwa nusu waya, nusu kamba. Nilipoishika ili niikague, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniondoa mkono. Alizaliwa magharibi mwa Kenya na alikuwa ameendesha winchi ya mgodi kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

"Wacha! Hapana shika waya na mkono mtupu. Leta kitambaa."

Aliuzungushia waya kitambaa cha pamba na kukivuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilinasa mara tatu, na kila mahali kiliponasa palikuwa na uzi mmoja wa chuma uliokatika, mwembamba kuliko sindano.

"Kule chini, ikinasa mara moja tu, tunatupa. Watu iko ndani ya kibwagizo, wewe unangoja nini?" Kibwagizo ndilo jina alilolipa lile sanduku la kuteremshia wachimbaji, na sikuwahi kumsikia mtu mwingine akilitumia.

Tulikubaliana kuacha waya na kutumia kamba tupu. Nilipima mlingoti ukiwa umelala chini, nikazidisha urefu mara mbili, nikaongeza pima mbili za akiba. Kisha nikang'oa lile gurudumu dogo la kapi lililoko kwenye ncha ya mlingoti, nikalitia mfukoni, nikaenda nalo soko la Bwera. Kamba nene kuliko mfereji wa gurudumu ingekwama, na kamba nyembamba mno ingekata viganja vya anayevuta.

Mwuza kamba, mama aliyevuka mpaka kutoka Kongo kila siku ya soko, alinitazama nikijaribu kamba moja baada ya nyingine juu ya gurudumu.

"Mwalimu, unatembea na gurudumu mu mufuko. Motokari yenyewe iko wapi?"

"Ni ya mashua, Mama. Nataka kamba isiyovutika."

"Basi wacha hiyo ya nailoni, ile inavutika kama mutu ya deni. Kamata hii. Iko ya kamiyo, banafungia mizigo. Ukifunga asubui, mangaribi iko vile vile."

Sikutaka kumwamini kwa neno tu. Nilimwomba vipande viwili, nikavifunga kwenye boriti ya kibanda chake na kuning'iniza dumu la maji kwenye kila kimoja. Ile ya nailoni ilirefuka kwa upana wa kiganja, na ile ya malori haikusogea. Wanunuzi wengine walikusanyika kutazama, na mama akatumia jaribio langu kuwauzia. Nilirudi ziwani nimeridhika kwamba elimu yangu imefanya kazi yake.

Kuipitisha kamba kwenye kapi ilikuwa rahisi. Tulirudisha gurudumu mahali pake, tukashonea ncha ya kamba mpya kwenye mkia wa ile kuukuu, tukavuta, nayo ya zamani ikaiongoza mwenzake kupitia kapi hadi upande wa pili. Tukasimamisha mlingoti, na alasiri ile, muuguzi akiwa amesimama ufukweni, mimi na mzee tukasukuma mashua majini. Tanga lilipanda likakazika, bila mkunjo hata mmoja. Nilizungusha kamba kwenye pembe mbili za mbao chini ya mlingoti, nikamalizia kwa fundo.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilitoka nyumbani. Mimi ni mtoto wa Kyondo, kule milimani. Mashamba yetu yamesimama wima kiasi kwamba mbuzi aliyefungwa ovyo huporomoka hadi kwenye kahawa ya jirani, kwa hiyo tunajifunza mapema fundo ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyozidi kubana. Mikono yangu ilifunga hilo bila kuniuliza.

Upepo ulishuka ghafla kutoka milimani. Mashua ililala upande, maji yakaanza kuingia.

"Shusha! Mwalimu, shusha!"

"Halifunguki!"

"Umefunga nini, mbuzi?"

Alinisukuma, akachomoa kisu cha samaki na kukata. Tanga lilianguka juu yetu, mashua ikakaa sawa tena, nasi tukapiga kasia kurudi tukiwa tumelowa hadi kifuani.

Muuguzi hakucheka. "Kama ningekuwa humo na boksi la chanjo?"

Ningeweza kuulaumu upepo, na mzee asingenipinga. Nilimwambia ukweli kwamba kamba ni nzuri, ila fundo ni langu na lilikuwa baya.

"Basi lifunge vizuri, nikiona."

Akiba ya pima mbili ilitosha kufidia kilichokatwa. Kwa siku nne, kila siku baada ya vipindi vya shule, mzee alinikalisha chini ya mlingoti. Mizunguko tu kwenye zile pembe, hakuna fundo, na mkia wa kamba umekunjwa mahali ambapo mguu hauwezi kuukanyaga. Alipopiga kelele, nilipaswa kuachia kabla hajafunga mdomo. Muuguzi alikuja siku ya nne, akatazama, kisha akaomba ajaribu mwenyewe. Alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Siku ya chanjo alipanda akikumbatia boksi, akakaa palepale penye kamba na kukataa kusogea. Mzee alishika usukani. Tulipofika katikati ya ghuba, upepo ukiwa mzuri na mimi nikianza kujisifu moyoni, muuguzi aliachia kamba bila kumwambia mtu. Tanga lilishuka lote, likatua mapajani mwangu.

Alilitazama kidogo, akatazama maji, akatazama ng'ambo.

"Haya," akasema, "pandisha tena. Watoto wanangoja."