Masikio ya Mama Mkwe

Mume wangu ni kinyozi, na mkono wake ulianza kutetemeka. Hebu fikiria! Yote kwa sababu alimkwaruza tarishi sikio. Kamkwaruzo kadogo, damu tone moja, lakini tarishi akapiga yowe utadhani kachinjwa. Tangu hapo kila akishika wembe, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, pumzi zinambana. Wateja nao si wajinga, wakaanza kuhama mmoja mmoja.

"Hali ikiendelea hivi, tunafunga kibanda," aliniambia. Nililia jikoni peke yangu.

Zahanati kulikuwa na mshauri, dada mmoja mpole. Akampa karatasi na chaki za rangi. "Unachokiogopa usinielezee. Kichore. Hata kikitoka kibaya, wewe chora tu."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwanamume na ndevu zake, anachora kama mtoto wa chekechea! Lakini kila alipochora, usiku alilala fofofo, nami nikafyata ulimi.

Alianza na sikio. Ukafuata wembe. Kisha siku moja nampelekea chai kibandani, nakuta mchoro mpya umebandikwa kando ya kioo: mwanamke mwenye midomo mitatu, yote wazi. Nikaganda. Kile kilemba cha manjano nakijua. Ni mama yangu mzazi!

Na kusema kweli, hakumwonea. Mama hushinda kwenye benchi pale kibandani, kazi yake kusimamia: "Mkwe, taratibu. Mkwe, sikio hilo! Mkwe, utakuja kuua mtu."

"Bandua hiyo haraka!" nikamnong'oneza.

Wapi! Mama keshafika mlangoni. Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Huyu ni mimi?"

Mume wangu akajikohoza. "Ni wasiwasi wangu, Mama."

"Na masikio yangu yako wapi?"

"Sijawahi kukuona ukiyatumia, Mama."

Mungu wangu! Nikajua ndoa imeota mbawa.

Mama akafungua kilemba, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ninyoe. Nywele zote. Na leo sisemi neno."

Akanyamaza kweli, mdomo kaubana hadi mashavu yakamvimba. Wembe ukapita kisogoni, ukazunguka sikio la kushoto, ukahamia la kulia. Mimi macho kwenye ule mkono tu. Ulikuwa umetulia tuli. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Alipomaliza, Mama akajipapasa kichwa, akanyoosha kidole kwenye mchoro. Bado kimya. Mume wangu akaelewa, akachukua chaki, akamchorea sikio. Moja tu.

"Na la pili?" Mama akalipuka.

"La pili, Mama, kwanza tuangalie mwenendo."