Siku Niliyovaa Jodari

Chekeni tu, mie nimeshazoea. Kama wewe hukuiona ile video basi ndugu yako kaiona, yule mama aliyekuwa ndani ya samaki mkubwa, amelala chali mbele ya meza kuu, miguu juu, ndiye mie. Aibu niliipata, sikatai, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wakiisimulia wanaishia pale nilipoanguka, wakati jambo lenyewe ndipo lilipoanzia.

Mie nakaanga samaki ufukweni, mbele kidogo ya Bunju, tupo wanawake kumi na mmoja na makarai yetu. Kila mwaka pale kwetu kuna sherehe ya wavuvi, boti zinapambwa, aliyevua jodari mkubwa kuliko wote anapewa zawadi, singeli inapigwa mpaka unaihisi tumboni. Wavuvi wanashukuriwa, wenye boti wanashukuriwa, hata muuza barafu anashukuriwa. Sie tunaowakaanga hao samaki hatutajwagi.

Sasa mwaka jana tulikuwa na ishu. Hatukuwa na banda, tulikuwa tunakaangia kwenye jua na kwenye mvua, na mvua ikidondokea mafuta ya moto, yanaruka. Yalishamrukia Stela, jirani yangu wa karai (mwanamke wa Bukoba, mpole, anaongea pale tu inapobidi), yakambabua mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, na mpaka leo vidole viwili havikunjiki sawasawa. Basi tukamwendea Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, tukaomba tuzungumze mbele ya mgeni rasmi. Akasema ratiba imejaa, ila tukitengeneza samaki wa kuongoza maandamano, mmoja wetu atapewa kipaza sauti dakika mbili mwishoni. Nikachaguliwa mie, nivae na nizungumze, kwa sababu nina mdomo (wenzangu walisema nina sauti nzuri, lakini najua walichomaanisha).

Tukamuunda jodari wetu kwa fito, sponji ya godoro kuukuu na shuka, tukampaka rangi ya fedha. Ukimvaa anakufunika kuanzia kichwani mpaka magotini, mikono inabaki ndani, na unaonea kupitia mdomo wake. Asubuhi ya sherehe nikamtazama, naona rangi imefifia, haing'ai, kama samaki aliyelala siku tatu bila barafu. Pembeni kulikuwa na karai la mafuta ya kukaangia ya jana yake. Nikachovya kitambaa, nikaanza kumpaka.

Stela akaniambia, "Salima, hayo mafuta yananuka samaki."

"Si sherehe ya samaki?" nikamjibu. Nikampaka kichwa mpaka mkia, na kweli aling'aa.

Wakanishonea mgongoni kwa uzi wa nyavu, tukaondoka barabarani kuelekea ufukweni, ngoma nyuma yangu. Mwanzo nilisikia watu wanacheka na kushangilia, nikadhani nacheza vizuri, nikazidisha kiuno. Kumbe wanacheka paka. Walikuwa watatu, wakawa sita, wananifuata wamenyanyua mikia kama na wao wamo kwenye kamati. Nikasema potelea mbali, paka hang'ati mtu.

Lakini kunguru je? Kunguru wa Dar mnawajua wenyewe. Wa kwanza alitua kichwani kwangu nikasikia mguso tu, kisha akadonoa, kisha akawaita wenzake, na mie mikono iko ndani, siwezi hata kuwafukuza. Stela alikuwa pembeni yangu anawapiga kwa mwamvuli, lakini mapigo mengine yananipata mie. Nikaanza kukimbia. Nilivyokimbia kichwa cha jodari kikateremka, mdomo ukaja kifuani, nikawa sioni kitu isipokuwa giza na sponji, nakimbia kuifuata sauti ya spika, na spika ziko wapi? Kwenye hema la wageni.

Niliivaa meza kuu nzimanzima. Nilisikia chupa za maji zinaanguka, sahani zinavunjika, mtu mzito akipiga kelele (baadaye niliambiwa alikuwa mgeni rasmi, mchuzi wa pweza umemmwagikia mapajani), halafu nikaanguka chali na siwezi kuinuka. Jaribu wewe kuinuka bila mikono, umevaa godoro. Nikabaki napigapiga miguu, mpiga muziki akadhani ni sehemu ya onyesho akaongeza sauti.

Muziki ulipozimwa nikamsikia Mzee Kibwana anasema kwa hasira huyu mwanamke atolewe, na kipengele cha wanawake kimefutwa. Wakanishika miguu, wakaanza kuniburuta.

Hapo aibu ikaisha. Sijui niiseme vipi, ila niliona nimeshaanguka, nimeshachekwa, nimebakiza nini cha kuficha? Nikapaza sauti kutoka ndani ya yule samaki.

"Shikamoo mheshimiwa. Mie ndiye niliyepangiwa kuzungumza, na nazungumza hapahapa chini."

Walioniburuta wakaniacha. Nikasema sie ndio tunaowakaanga samaki wanaosifiwa tangu asubuhi, hatuna banda, mvua inatuunguza kwa mafuta yetu wenyewe. Nikamwambia Stela aonyeshe mkono. Mie sikumwona, lakini baadaye wenzangu waliniambia alisogea mpaka mbele ya mgeni rasmi, akakunja mkono wa gauni, akamwonyesha vile vidole visivyokunjika.

Mgeni rasmi akainama karibu na mimi akasema taratibu, "Endelea mama, nakusikia."

Nikaendelea, tena zaidi ya dakika mbili, mpaka pumzi ikaniishia. Stela akachukua kisu cha samaki akanipasua kuanzia mkiani, nikatoka mbele ya kata nzima nimevaa gagulo na jezi ya mpira ya mume wangu (ndani ya sponji kuna joto, nilidhani nani ataniona). Nikajifunga kanga niliyorushiwa, nikampa mheshimiwa mkono. Mkono ulikuwa unateleza mafuta.

Banda limejengwa. Lilichelewa, tulilifuatilia ofisi hii na ile, na upande wa baharini bado uko wazi, lakini mvua ya masika imetukuta chini ya bati. Manzese nikipita kununua viungo kuna vijana wananiita Mama Jodari, nawaitikia, nawauliza wao video yao imejenga nini.

Mafuta ya kukaangia sitapaka tena kitu kisicholiwa, hilo nimeapa. Juzi Mzee Kibwana kaja kwenye karai langu, kasema watu wanamuulizia yule samaki, safari hii watatengeneza mwingine mwenye zipu. Nikamwambia asihangaike, mie naja na uso wangu, na aniandike kwenye ratiba kabla ya wenye boti. Akasema atalifikiria. Nikazima moto, nikamvutia kigoda, nikamwambia afikirie hapahapa, mie nina nafasi.