Thelathini na Moja kati ya Thelathini na Mbili

"Mama Sandra, mtu akizaa wasichana wanne, wa tano si lazima iko mvulana?" Night Poni, jirani yangu hapa mtaa wa Oli, aliniuliza hivyo tukianika mihogo. Nikamwambia Mungu halazimishwi. Akacheka. "Basi uliza Harriet. Yeye amepiga hesabu!"

Harriet ninamjua tangu alipopanga chumba karibu nami ili asome chuo hapa Arua. Tunasali kanisa moja. Mume wake, Lemi, yuko nyumbani kwao Koboko na wale wasichana wao wanne, pamoja na mama yake Lemi, ambaye alishasema wazi: mimba hii ya tano ya Harriet ikileta msichana, Lemi ataletewa mke mwingine.

Basi chuo kikawapa wanafunzi somo la uwezekano. Harriet alinionyesha kwa sarafu ya shilingi mia: kila mtoto ni kurusha mara moja, nusu msichana, nusu mvulana. Akazidisha nusu mara tano, akapata moja kati ya thelathini na mbili, ndiyo nafasi ya kupata wasichana watano bila mvulana. "Kwa hiyo mvulana ana thelathini na moja!" Alipiga vigelegele, nami nikasema amina. Palepale akampigia Lemi simu.

Lemi aliamini, maana mke wake ndiye aliyesoma. Jumapili akasimama mbele ya wazee wa ukoo, akamtolea mtoto wa tumboni jina la marehemu baba yake, Yengi. Kwao jina likishatajwa hivyo halirudishwi. Wasichana nao wakipiga simu, wanamsalimia Babu Yengi tumboni.

Juzi daftari alilompa mwalimu, lenye hesabu ile, likarudi na wino mwekundu. Mwalimu aliandika: "Wanne wamekwisha kuzaliwa, hawarushwi tena. Amebaki mmoja. Nusu." Harriet alikaa kwenye mkeka wangu akirusha ile sarafu, anarusha tena, mpaka nikaishika.

"Nimemwahidi kitu sina," akasema.

"Mwambie kwa simu, mwanangu."

"Simu atampa mama yake."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini amina yangu imo ndani ya kosa lile, na hata nikipiga magoti sipati amani. Jana baada ya ibada Harriet alinishika mkono. Zimebaki wiki tatu ajifungue.

"Mama Sandra," alisema, "naomba twende wote Koboko Jumamosi. Kumwambia Lemi, nitamwambia mwenyewe. Wewe ukae tu karibu nami."